Pumzi haiishii kifuani

Lubumbashi, mwezi wa sita

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika pamoja na ule mfuko wa karanga. Mwambie mzee wetu nkambo tumezipokea na nusu yake imeshaliwa. Baba yako alinieleza kwa simu kwamba mtihani wa serikali umekaribia na kwamba somo la upumuaji na usafirishaji wa vitu katika mimea na wanyama limekukwama kooni. Nimeyasoma maswali yako mara mbili. Majibu yangu ni marefu, kwa hiyo usiyasome yote usiku mmoja.

Unauliza: tangu shule ya msingi mmefundishwa kwamba sisi tunavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, na miti inafanya kinyume. Sasa kitabu cha mwaka huu kinasema mmea unapumua kama mnyama. Tushike lipi?

Shika la mwaka huu. Lile la zamani limechanganya kazi mbili. Jani likipata mwanga hutengeneza sukari, na katika kuitengeneza hutumia hewa ukaa na kuachia oksijeni. Huko si kupumua, ni kujitafutia chakula. Kupumua ni kukivunja chakula hicho ili nguvu iliyomo itoke, na kazi hii mmea huifanya mchana na usiku, katika jani, shina, mzizi na mbegu, kwa oksijeni ileile unayoitumia wewe. Mchana kazi ya kwanza huizidi ya pili, ndiyo maana tunaona oksijeni ikitoka tu. Jua likizama inabaki ya pili peke yake. Kwa hiyo nkambo anayekataza maua chumbani usiku ana hoja, ila amezidisha kiasi: kopo moja la maua linatumia oksijeni kidogo mno ukilinganisha na mdogo wako mnayelala naye kitanda kimoja.

Kama hayo yanakuwia maneno matupu, nenda ghalani. Mwombe nkambo akuonyeshe gunia la mahindi lililojazwa kabla halijakauka vizuri, ufungue mdomo wa gunia hilo na uingize mkono mpaka kiwiko. Utakuta joto. Toa mkono, utazame: kiganja kina unyevu. Ukikaribisha pua utasikia harufu nzito ya hewa iliyofungiwa. Hapo umeshika kwa mkono mmoja mstari ule wa kemia unaokariri kwa shida: sukari pamoja na oksijeni hutoa hewa ukaa, maji na nguvu. Joto ni sehemu ya nguvu iliyopotea, unyevu ni yale maji, na ile hewa nzito ina hewa ukaa. Punje ya hindi haijafa, mwanangu. Imelala tu, na hata aliyelala anapumua. Ikiwa kavu, yenye maji ya asilimia 13 hivi, hupumua polepole kiasi kwamba hutaona chochote kwa miezi. Ikiwa na unyevu huharakisha, na ukungu na fukusi nao huamka wakapumua kwa pupa kuliko punje yenyewe. Joto linaleta maji, maji yanaleta ukungu, ukungu unaleta joto zaidi. Mahindi ya upande wenu na ya Kaniama yanayosafiri kwa treni siku nyingi yakiwa hayajakauka, mara nyingi ndivyo yanavyofika: meusi katikati ya gunia, mazuri pembeni.

Dawa yake inatokana na mstari uleule. Kausha mahindi vizuri, yajaze katika pipa mpaka juu, lizibe kabisa. Fukusi waliomo watamaliza oksijeni iliyobaki, kisha watakufa bila sumu yoyote. Mwambie nkambo ajaribu pipa moja. Asipokausha kwanza, asijaribu.

Sasa tuje kwenye usafirishaji. Kwa maoni yangu vitabu vyenu vinakosea mpangilio: vinaanza na moyo na vyumba vyake vinne, mwanafunzi anachora, anapaka rangi nyekundu na buluu, anapata alama, na hajui moyo uliwekwa hapo kwa sababu gani. Sababu ni umbali. Oksijeni iliyoyeyuka katika maji yaliyotulia husambaa yenyewe, bila kusukumwa. Kwa umbali wa sehemu moja ya mia ya milimita, yaani upana wa seli moja, inafika kabla hujapepesa jicho. Kwa milimita 1 inahitaji dakika nne hivi. Kwa sentimita 1, karibu saa saba. Kwa mita 1, kama miaka minane. Rudia hesabu hiyo mwenyewe ukitaka: umbali ukiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia. Kiumbe cha seli moja katika maji ya dimbwi hakihitaji moyo wala damu, kwa kuwa kila kilichomo kiko karibu na ukuta. Wewe, kidole chako cha mguu kiko zaidi ya mita moja kutoka mapafuni. Kingengoja miaka.

Kila kiumbe kikubwa kimelazimika kulitatua jambo hilo moja, na kila ukoo umelitatua kwa namna yake. Ukilishika hilo, somo lote linakuwa swali moja lenye majibu tofauti, nawe utaacha kukariri.

Mwalimu wako, umeniandikia, amefananisha damu na reli, na hapo Kamina mfano huo hauhitaji kuelezwa. Mji wenu umekua juu ya njia panda: reli iliyofika Bukama mwaka 1918 na kuendelea mpaka mto Kasai mwaka 1928, kisha tawi la kwenda Kabalo lililounganishwa mwaka 1956. Wagoni zinapeleka mzigo, zinarudi na mwingine. Damu inapeleka oksijeni, inarudi na hewa ukaa. Mfano ni mzuri, utumie mtihanini. Lakini ujue unapoishia. Unamfaa mtu, mbuzi, kuku na samaki. Haumfai kiwavi, wala haufai mti hata kidogo.

Tuanze na kiwavi. Msimu wao ukifika, kabla mama yako hajawakaanga, chukua mmoja mnene aliye hai, umtazame ubavuni. Utaona vidoa vya duara, jozi tisa, kimoja hapa kimoja pale katika pingili zake. Wengi hudhani ni mapambo. Ni matundu ya hewa. Kila tundu linaingia katika mrija, mrija unagawanyika kuwa midogo, na midogo kuwa midogo zaidi, mpaka hewa yenyewe inafika mlangoni mwa kila seli. Damu ya kiwavi haibebi oksijeni, ndiyo sababu ukimkamua haitoki nyekundu, inatoka ya kijani au ya manjano. Inabeba chakula na taka tu. Mzibe mdomo kiwavi, ataendelea kuishi. Mpake mafuta ubavuni matundu yakazibwa, atakufa. Njia hiyo inafaa sana kwa mwili mdogo na inashindwa kwa mwili mkubwa, na inahesabiwa kuwa mojawapo ya sababu zinazofanya panzi asifikie ukubwa wa mbwa. Tushukuru.

Sisi wenye miili mikubwa tumeweka mapafu mahali pamoja na kuisafirisha oksijeni kwa damu. Lakini damu nayo ina siri. Maji ya damu peke yake, lita moja, yanaweza kubeba mililita 3 tu za oksijeni. Mtu aliyekaa kitako anahitaji kama mililita 250 kila dakika. Piga hesabu: bila msaada mwingine moyo wake ungelazimika kusukuma zaidi ya lita 80 kwa dakika, wakati unasukuma 5. Msaada huo ni himoglobini, ile protini yenye chuma inayoipa damu wekundu wake. Kwa himoglobini, lita moja ya damu hubeba mililita 200 hivi. Chembe moja nyekundu ina molekuli zake zipatazo milioni 270, na kila moja inashika oksijeni nne.

Na sasa jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Kupumua kwa kweli, kule kuvunjwa kwa sukari kwa oksijeni, hufanyika ndani ya mitokondria za seli. Chembe nyekundu haina mitokondria hata moja. Imebeba oksijeni tangu inapozaliwa hadi inapokufa, siku 120 hivi, na haiigusi. Inaishi kwa nguvu kidogo inayotokana na kuvunja sukari bila oksijeni. Ningekuwa mtunga mitihani, ningeuliza hilo kila mwaka, maana ndilo linalomtenganisha aliyeelewa na aliyekariri: kusafirisha oksijeni ni kazi moja, kuitumia ni kazi nyingine.

Watu walichelewa sana kujua kwamba damu inazunguka. Huko Kairo katika karne ya 13, tabibu Ibn al-Nafis aliandika kwamba damu ya upande wa kulia wa moyo haipenyi ukuta wa katikati, bali hupitia mapafuni kwanza ndipo ifike upande wa kushoto. Mwingereza William Harvey, mwaka 1628, alipiga hesabu rahisi: kiasi ambacho moyo unasukuma kwa nusu saa kinazidi damu yote iliyomo mwilini. Haiwezekani ini, kama ilivyodhaniwa zamani, litengeneze damu mpya kwa kasi hiyo. Lazima ileile iwe inazunguka. Lakini Harvey hakuweza kuonyesha damu inavukaje kutoka mshipa unaopeleka hadi mshipa unaorudisha. Mwitaliano Marcello Malpighi aliiona njia hiyo mwaka 1661 kwa hadubini katika pafu la chura: mishipa myembamba kuliko unywele. Harvey alikuwa ameshafariki miaka minne kabla. Mimi namheshimu zaidi Harvey, aliyeiamini hesabu kabla jicho halijaona.

Mti, basi. Hapo ndipo swali lako lilipokuwa zuri: bila moyo, maji yanapandaje?

Muulize fundi wa pampu za visima. Atakwambia pampu ya kuvuta kutoka juu haipandishi maji zaidi ya mita 10, hata uivute kwa nguvu za farasi, kwa kuwa kinachoyasukuma maji ni uzito wa hewa ya nje. Hapo Kamina, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, hata hizo 10 hazifiki. Ni kama 9. Na msituni mna miti mirefu kuliko hapo mara mbili, nayo majani ya kileleni hayana kiu. Jibu lilitolewa Dublin mwaka 1894 na Henry Dixon na John Joly. Molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kubwa. Katika mrija mwembamba wa zailemu, nyuzi za maji zimeunganika bila kukatika kutoka mzizini hadi jani la mwisho. Jua linapokausha maji katika vinyweleo vya jani, kila molekuli inayotoka inaivuta iliyo nyuma yake. Mti hausukumi maji; yanavutwa kutoka juu. Na mirija yenyewe ni seli zilizokufa, zimebaki kuta tu, hivyo kazi hiyo haigharimu mti sukari. Anayelipa ni jua. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia mizizini, zaidi ya 9 katika kila 10, hutoka tena kwa njia ya majani.

Sasa subiri mwezi wa nane na wa tisa. Hapo utaona jambo ambalo wageni wakifika Katanga huduwaa nalo, na sisi tuliozaliwa nalo hatulitazami. Mvua bado. Ardhi imepasuka, moto umepita kwenye nyasi, vumbi liko hewani. Na miombo inatoa majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Maji yametoka wapi, na chakula kimetoka wapi?

Fuatisha usafirishaji na upumuaji pamoja, utapata jibu bila kitabu. Mti ulipopukutisha majani ya zamani, ulikata mvuto: hakuna jani, hakuna maji yanayopotea. Mizizi iliyoshuka chini sana, mahali penye unyevu bado, iliendelea kunyonya kidogokidogo, na shina likajaa tena. Hayo ndiyo maji. Chakula kilikuwa wanga uliowekwa akiba katika mizizi na shina tangu mvua zilizopita. Machipukizi yalipoamka, wanga uligeuzwa sukari, sukari ikapandishwa, na kule juu seli changa zikaivunja kwa oksijeni ili zipate nguvu ya kujenga jani. Kwa hiyo yale majani mekundu, siku za mwanzo, yanakula kuliko yanavyozalisha. Mti mzima wakati huo unatoa hewa ukaa kama mnyama. Chora hilo mtihanini ukipewa nafasi.

Kuna njia ya pili katika mti, na hii inapita kwenye gome la ndani. Inaitwa floemu, nayo ni hai. Inashusha sukari kutoka majani hadi mizizi, na inaipandisha pia pale inapohitajika. Mjerumani Ernst Münch alieleza mwaka 1930 kwamba sukari inapopakiwa upande mmoja huvuta maji, shinikizo linapanda, na utomvu unasukumwa kwenda upande ambako sukari inashushwa.

Baba yako anakumbuka jinsi wale wazee wa asali walivyokuwa wakitengeneza mizinga ya magome. Mzee anachagua mti wa muombo ulionyooka. Anakata duara karibu na chini, anakata duara jingine juu, anapasua mstari mmoja kati ya maduara hayo, kisha anaingiza kigingi taratibu na gome zima linavuliwa likiwa kipande kimoja. Wakati wa mvua linatoka bila kuchanika. Analikunja tena, anashona kwa vijiti, anaziba miisho, mzinga umepatikana. Mti umebaki uchi, mweupe na unateleza. Na hapa ndipo watu wanapodanganyika: majani yake yanabaki ya kijani. Wiki zinapita, pengine msimu, mtu anasema umepona. Haujapona. Zailemu iko ndani ya mbao, haikuguswa, kwa hiyo maji bado yanapanda. Kilichokatwa ni floemu, na mizizi haipati sukari tena. Mizizi nayo inapumua, mwanangu, usiku na mchana. Inakula akiba yake mpaka inaisha, inakufa, na hapo ndipo majani yanaponyauka. Malpighi yuleyule wa chura alikata miti duara kama hivyo katika karne ya 17 na kuona gome la juu ya kidonda likivimba, kwa sababu chakula kimefika pale kikakosa njia. Kwa mizinga michache ya zamani msitu ulistahimili. Leo kuna mizinga ya mbao. Sioni sababu ya mtu kuua mti kwa ndoo chache za asali.

Umenigusia pia ule utomvu mwekundu wa mukula, ule mti uliovunwa kwa fujo huku Katanga miaka ya 2010 ukapelekwa China. Watu wanasema mti huo una damu. Utomvu ule unatoka gome likijeruhiwa na unaziba kidonda, haubebi oksijeni. Mti hauhitaji mbebaji wa oksijeni, kwa sababu mbao za ndani zimekufa tayari na seli zilizo hai ziko karibu na gome, ambako hewa huingia kwa vitundu vidogo. Umbali tena.

Samaki nitawapitia haraka, maana hilo umelielewa. Matamvua yanachota oksijeni kutoka katika maji, na maji yana oksijeni kidogo sana kuliko hewa. Katika mabwawa ya Upemba na ziwa Kisale, chini ya mafunjo, karibu haimo kabisa. Ndiyo maana kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachovuta hewa, na kamongo ana mapafu kabisa. Mafunjo yenyewe yana nafasi za hewa ndani ya mashina yanayoishusha hadi kwenye mizizi iliyozama katika matope. Mahindi hayana nafasi za namna hiyo za kutosha, ndiyo sababu shamba likituamisha maji siku kadhaa yanageuka manjano: mizizi imekosa pumzi.

Sasa niache kitabu nikwambie kwa nini mimi, muuguzi tu, nimeandika karatasi zote hizi. Ile tofauti ya kusafirisha na kutumia, ambayo nyinyi mnaiona ni ya alama, kwetu wodini ndiyo inayotuambia tufanye nini.

Mtoto analetwa na malaria kali, viganja vyeupe, anahema mbio. Mapafu yake ni mazima, oksijeni ipo chumbani. Vimelea vimepasua chembe nyekundu, wabebaji wamekwisha. Huyu anahitaji damu, na haraka, pamoja na dawa ya malaria. Ndiyo sababu huwa nawaambia akina mama: usiongoje homa ipande, mtazame mtoto kiganja na ulimi.

Mwenye ugonjwa wa selimundu, wale mnaowaita SS, anao wabebaji, lakini kosa moja tu katika himoglobini linazifanya chembe zake zikunjike kuwa mundu zinapokosa oksijeni. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba kosa liko katika molekuli yenyewe. Chembe hizo zinaziba mishipa midogo, na badala ya siku 120 zinaishi 10 au 20. Maji ya kunywa, joto na kinga dhidi ya malaria ni sehemu ya matibabu yake; kumsema kwamba amerogwa si matibabu. Una rafiki wa hivyo darasani, umeniambia. Siku za baridi hizi mpe koti lako.

Sumu ya mihogo michungu inavunja mahali pengine kabisa. Sianidi haigusi mbebaji. Damu imejaa oksijeni, imefika mlangoni, lakini sianidi inafunga mitokondria, na seli haiwezi kuitumia. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alikusanya habari za ugonjwa uliowapoozesha watu miguu ghafla huko Kwango: konzo. Unawapata wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha huku wakikosa nyama, samaki na maharagwe, na miguu hairudi. Huko Bandundu ulienea pale barabara ya lami iliporahisisha biashara ya mihogo kwenda Kinshasa na watu wakafupisha siku za kuloweka ili wauze upesi. Kwa hiyo nkambo anapokwambia mihogo ikae majini siku tatu mpaka ilainike kabla ya kuanikwa na kusagwa, usimwone anakuchelewesha. Kula bukari yake, na sombe, na samaki akipatikana.

La mwisho ndilo lililonifanya nisingoje mpaka likizo. Umeandika kwamba baridi ni kali, kwamba usiku mnaingiza mbabula, lile jiko la makaa, chumbani ukisoma, na kwamba asubuhi mnaamka na kichwa kinauma, na mama yako amewanunulia dawa ya malaria. Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksidi. Haina harufu, haina rangi. Inashika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni na haiachii upesi. Chembe nyekundu zipo, zinazunguka, zimebeba mzigo usiofaa. Hata kile kifaa tunachovalisha kidoleni kupima oksijeni hudanganyika, kinaonyesha namba nzuri, kwa sababu hakiwezi kutofautisha mizigo hiyo miwili. Anayepata sumu hiyo akiwa amelala huenda asiamke kujiokoa. Kichwa kuwauma watu wote wa chumba kimoja kwa pamoja, na kupona mkitoka nje, si malaria.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujaikunja barua hii, toa mbabula nje na isirudi ndani, hata ikiwa makaa yameshakuwa mekundu yasiyotoa moshi. Hapo ndipo inapodanganya zaidi. Mlale na mablanketi mawili; nimempa dereva wa lori blanketi jingine akuletee. Mkiona mtu ameshindwa kuamka, mtoeni nje kwanza kwenye hewa, kisha mkimbizeni hospitali. Mwonyeshe mama yako ukurasa huu, na jirani zenu pia.

Nisalimie nkambo, baba yako na wote.

Shangazi yako